Usiitike Ukiitwa Léa

Kila mtu ana kitu chake cha kuogopa. Wengine nyoka, wengine polisi wa barabarani, wengine mama mkwe. Keren, binti wa Mama Virginie, mke wa Aristote, mkazi wa Hewa Bora hapa hapa Lubumbashi, aliogopa kuitwa Léa. Na kitu alichokitamani kuliko vyote duniani, msimcheke, kilikuwa kusikia mama yake akimwita Léa, hata mara moja tu.

Ngoja niseme vizuri tusije tukapotezana. Keren alizaliwa pacha, au mapasa kama tunavyosema sisi. Kwa Waluba, mapasa wakizaliwa hakuna anayekuna kichwa kutafuta jina la kimila: wa kwanza ni Kyungu, wa pili ni Kabange, imekwisha, hata Papa wa Roma hawezi kubadilisha. Kinachobaki kutafutwa ni jina la ubatizo. Basi wale wawili wakaitwa Keren Kyungu na Léa Kabange. Walifikia umri wa kukimbizana uani, huko Makomeno walikokaa wakati ule, ndipo surua ikaingia mtaani ikamchukua mmoja. Aliyekufa alikuwa Keren. Aliyebaki alikuwa Léa.

Sasa sikia walichofanya. Kwetu pacha akiondoka haliliwi. Hatusemi amekufa, tunasema amerudi, tena tunasema kwa sauti ya kawaida, kana kwamba ametumwa dukani. Ukilia, mwenzake atasikia na kumfuata. Lakini bibi yao, Nkambo Christiane, mjane wa mtu wa reli, hakuwa mwanamke wa kutosheka na kinga moja pale panapowezekana kuweka mbili. Aliona kwamba yule mtoto angerudi langoni kumwita pacha wake. Kwa jina la Kabange asingeweza, maana hilo ni la kila pacha wa pili, angeitikiwa na watoto wa watu nusu ya mji. Angeita Léa. Kwa hiyo wakaandika Léa kwenye msalaba, wakazika, na waliporudi kutoka makaburini Nkambo akamshika mabega yule aliye hai, akamwambia mbele ya watu wote:

"Weye njo Keren. Léa tumeisha kumuzika."

Mtoto akakataa. Alikuwa na miaka mitatu, na mtoto wa miaka mitatu anajua jina lake kuliko anavyojua kitu kingine chochote. Akapiga mguu chini, akasema, "Miye Léa!" Mama Virginie, aliyempenda kuliko macho yake, akampiga kofi la mdomo. Mkono ule ulinuka samaki wa thomson, wale wa barafu, aliokuwa akiwaandaa kwa ajili ya watu waliotoka mazikoni, na hilo kofi ndilo jambo la kwanza kabisa Keren analolikumbuka maishani mwake. Baada ya hapo akapewa sheria moja. Ukisikia mtu anaita Léa, usiitike. Usigeuke. Hata kama ni sauti ya mama yako.

Na kweli alikuwa akisikia. Si usiku, usiku alilala vizuri kabisa. Alisikia mchana, saa zile za jua kali watu wakishakula bukari, yaani ugali, na kujilaza, mtaa ukiwa mweupe na mtupu. Sauti ya mtoto ingeita kutoka upande wa lango: "Léa... Léa, kuya," yaani njoo. Haikuwa sauti ya kutisha, na hapo ndipo ubaya wake ulipokuwa. Ilikuwa sauti ya mtoto aliyechoka kucheza peke yake. Keren alikuwa akilala kifudifudi, akijibana kwenye mkeka hadi ipite. Shuleni kulikuwa na Léa mwingine darasani, na kila mwalimu alipoita hilo jina, Keren alishika benchi kwa mikono miwili.

Basi akakua, akasoma, akaolewa. Sauti ikapungua. Ikawa inakuja mara moja moja kama mgeni aliyekaribishwa vibaya, halafu ikaacha kabisa. Akaanza kuamini kwamba dada yake amemchoka. Nusu ya moyo wake ilishukuru na nusu nyingine iliona upweke, lakini hilo hakumwambia mtu.

Halafu akapata mimba, na mimba ikawa ya mapasa, na mapasa wakawa wasichana.

Jamani, furaha ya Hewa Bora siku ile! Mapasa kwetu hawapokewi kwa adabu. Wanawake wa jirani walijipaka pemba usoni, ule udongo mweupe, wakaingia uani wakicheza na kuimba nyimbo za mapasa, matusi matupu, nyimbo ambazo mwanamke wa kwaya asingezitaja siku nyingine yoyote. Walimtukana Aristote maungo yake yote bila kuacha hata moja, na Aristote mwenyewe hayupo. Alikuwa Kasumbalesa kwenye mpaka, kazi yake ni kupitisha bidhaa za watu forodhani, na malori yalikuwa yamefungana foleni hadi hakuna wa kumwachia kazi. Kila zawadi ilikuja mbili mbili: kofia mbili, sabuni mbili, kuku wawili. Kumpa pacha mmoja ukamnyima mwenzake ni kutafuta msiba, kila mtu anajua hilo. Tangu siku ile hakuna jirani aliyemwita Keren kwa jina. Alikuwa Mama Mapasa, wakubwa kwa wadogo.

Kyungu na Kabange walikuwa na majina yao ya kimila tayari. Majina ya ubatizo ndiyo yaliyobaki, na ubatizo ulipangwa Jumapili Aristote atakapokuwa amerudi. Aristote alikuwa akituma sauti kwa simu akiwa katikati ya honi za malori:

"Chérie, nimepata! Ariella na Mariella. Sikia ile mélodie! Ama Princia na Grâcia. Majina ya mapasa lazima yafanane, watu wakisikia moja wajue lingine linakuja!"

Keren alicheka peke yake. Mume wake alikuwa mtu mwema na hakujua kitu. Hakuwa amewahi kumwambia.

Kisha Kyungu akakataa titi.

Kabange, mdogo, alinyonya vizuri hadi jasho likamtoka puani. Kyungu aliwekwa kwenye titi lile lile, akaligusa kwa midomo, akageuza uso. Si kwamba alilia sana. Aligeuza uso tu, akabaki anaangalia lango. Walimpeleka kwenye kituo cha afya. Daktari akamtazama kinywa, akamsikiliza kifua, akasema mtoto hana kitu, wamkamulie maziwa wampe kwa kijiko kidogo, atazoea. Hakuzoea. Kijiko kilileta matone, matone yakatoka pembeni ya mdomo. Mashavu yakaanza kushuka.

Mama Virginie, aliyekuwa amehamia pale kuwasaidia kulea, alimtazama mjukuu wake kwa muda mrefu, akasema alichokuwa akisubiri kukisema.

"Huyu mutoto iko anatafuta jina. Kuko muntu anamutaka."

Hili nalo ni la kwetu. Mtoto asiyenyonya huenda amejiwa na mtu wa ukoo anayetaka jina lake lirudi nyumbani. Unamweka kwenye titi, unataja majina ya waliotangulia, moja baada ya lingine, na jina atakalonyonya nalo ndilo lake. Mama Virginie akajifunga kitambaa kiunoni, akaketi kwenye kigoda mbele ya binti yake, akaanza kutaja. Akamtaja Christiane, mama yake. Mtoto akageuza uso. Akamtaja Claudine, shangazi aliyefia Kamina. Uso pembeni. Akataja wanawake ambao Keren hakuwahi kuwasikia, wa Kabongo, wa Malemba, waliokufa kabla ya reli kufika, akataja hadi sauti ikamkauka. Kyungu alikuwa akiangalia lango.

Kulikuwa na jina moja ambalo hakulitaja. Keren alilijua, na mama yake alijua kwamba Keren analijua, na wote wawili wakala bukari yao na mboga ya lengalenga kana kwamba hakuna kitu.

Mchana huo sauti ikarudi.

Umeme ulikuwa umekatika, feni imesimama, joto la kabla ya mvua limekaa ndani ya nyumba. Keren alikuwa amelala na watoto wake, mmoja kila upande. "Léa," ikaita kutoka langoni. Ile ile. Haikukua hata siku moja. "Léa, kuya." Akajibana kwenye kitanda, mtu mzima, mama wa watoto wawili, kama zamani kwenye mkeka. Na hapo akaona kitu: Kyungu, mtoto ambaye hakuwa na hata wiki mbili, alikuwa ametulia kabisa, macho wazi, anasikiliza.

Keren akainuka, akamfuata mama yake uani, alikokuwa akianua nepi.

"Mama, kuko jina moja haukutaja."

"Nilitaja yote."

"Haukutaja."

Mama Virginie akaendelea kukunja nepi. "Hatutaje jina ya muntu mwenye iko muzima. Keren njo weye. Unapumua."

"Miye siko Keren, mama."

Mikono ikasimama. Mama Virginie akatazama lango, kisha akasema chini chini, "Funga kinywa. Mulango iko wazi."

"Anakuya kuniita! Leo, saa hii, hapa! Anataka jina yake, mama. Tulimuibia. Tumurudishie, Kyungu akuwe Keren, miye nirudilie yangu." Machozi yalikuwa yameanza kumtoka na hakuyazuia. "Uniite jina yangu. Mara moja tu. Miaka yote hii, mama, hata mara moja haujaniita."

Usifikiri Mama Virginie alikuwa na moyo wa jiwe. Aliketi chini pale pale kwenye saruji, nepi mapajani, na uso wake ukazeeka mbele ya binti yake.

"Nilikuwa na batoto babili," akasema. "Nikabakia na mumoja. Niite jina ya muntu tulizika, na weye uitike? Nitabakia na nani, weye mutoto? Uniambie. Nitabakia na nani?"

"Na tena," mama yake akaongeza, akijipangusa uso kwa nepi, "mapasa hatubagawe. Ukimupa Kyungu jina ya ule mwenye alirudi, Kabange naye ataomba ya mwenzake. Utatoa yote mbili ama hautatoa hata moja. Fikiri muzuri."

Keren alifikiri, na alichofikiri ni hiki: hayo ya kugawa na kutogawa ni maneno ya wazee, na jina la Léa ni langu, sitampa mtu. Alirudi chumbani, akamchukua Kyungu, akamweka kwenye titi. Mtoto akageuza uso. Keren akainamisha kinywa hadi kwenye lile sikio dogo.

"Keren," akasema. "Keren, pole. Kuya, unyonye."

Kyungu akashika titi. Alishika kwa nguvu hadi mama yake akapiga kelele ya maumivu, kisha akacheka, akalia, akacheka tena. Mama Virginie alikuja mbio, akaona, akapiga magoti akimshukuru Bikira Maria na Nkambo Christiane kwa pumzi moja. Nje, mvua ya kwanza ikaanza kugonga mabati. Keren alimtazama mtoto akinyonya na kusikia jina likimtoka mwilini. Hakuwa Keren tena. Alikuwa anaenda kuwa yule mwingine, hatimaye, na furaha ya jambo hilo ilimjaa.

Mvua haikuwa imeisha aliponyanyua Kabange kumnyonyesha. Kabange, mnyonyaji hodari, asiyewahi kusumbua, akaligusa titi kwa midomo na kugeuza uso.

"Nilikuambia," Mama Virginie akasema. Hakusema kama mtu aliyeshinda.

Hapa sitamtetea Keren. Ningeweza, lakini sitamtetea. Alijua kabisa mtoto anataka nini. Akafungua simu yake na kuanza kujaribu majina ya Aristote. Ariella. Mariella. Grâcia. Akajaribu Deborah, akajaribu Delphine, akajaribu jina la mama mkwe wake, akajaribu majina ya watakatifu wa kalenda. Alikamua maziwa kwa kijiko, matone yakatoka pembeni ya mdomo. Siku hiyo ikapita. Siku ya pili ikapita, Kyungu ananenepa, Kabange anasinyaa ubavuni mwake, na mama yao amekaa katikati ameng'ang'ania neno moja kama mtu aliyeficha chakula wakati wa njaa. Alikuwa amelingojea jina hilo tangu kofi lile. Lilikuwa karibu sana. Alijichukia, na hakuliachia.

Mchana wa siku ya tatu Kabange hakulia tena. Alilala ameacha kinywa wazi. Na langoni ikaita ile sauti, lakini safari hii haikuita "Léa, kuya." Iliita jina lenyewe tu, kwa upole, na Keren akaelewa, bila kuambiwa na mtu, kwamba haikuwa ikimwita yeye. Kabange akafumbua macho akageukia lango. Akainua mkono wake mdogo.

"Hapana!" Keren akapiga kelele. "Huyu hapana! Huyu iko wangu!"

Akamkumbatia, akambana kifuani, akaweka kinywa kwenye sikio lake. Ilimchukua muda neno kutoka. Tangu alipokuwa na miaka mitatu hakuwa amelitamka kwa sauti, na lilipotoka lilitoka kwa sauti ya mtoto.

"Léa," akasema. "Weye njo Léa. Ikamata. Iko yako."

Kabange akashika titi. Langoni pakawa kimya. Pakawa kimya kwa namna nyingine, kama nyumba ambayo mtu amehama. Keren alisikiliza muda mrefu. Akajikuta anamlilia dada yake, kwa sauti, kilio kilichokatazwa miaka yote ile, na mama yake hakumkataza. Mama Virginie alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kitambaa mdomoni, naye analia.

Aristote alirudi Jumamosi na vumbi lote la Kasumbalesa, na nguo mbili za ubatizo alizonunua ng'ambo ya mpaka. Alipoambiwa majina alishangaa kidogo.

"Keren na Léa? Hayafanani hata! Na Keren ni jina lako, chérie. Nikiita Keren humu ndani, aitike nani?"

"Ataitika mtoto," mke wake akasema.

"Na wewe nikuite nani?"

Akafikiri. Alipekua moyoni mwake akitafuta cha kumjibu, akakuta hamna kitu. "Uniite kama wanavyoniita wote," akasema.

Jumapili watoto wakabatizwa. Padri akauliza majina, wakayasema, maji yakamwagwa, Keren akalia, Léa akapiga chafya, watu wakacheka. Maisha yakaendelea. Watoto wakanenepa hadi mikono ikafanya mikunjo. Mchana ukawa mchana tu, jua na mtaa mtupu na redio ya jirani, na hakuna aliyeita kutoka langoni.

Siku moja mama wa watoto alikuwa amejilaza baada ya kula. Aristote alikuwa amerudi mpakani, Kyungu amelala ubavuni mwake, nyumba imetulia. Na kwenye usingizi mwepesi akaisikia, kutoka uani.

"Léa."

Haikuwa sauti ya mtoto. Ilikuwa sauti ya mama yake. Ilikuwa laini, imejaa mapenzi, ile sauti aliyoota kuisikia tangu akiwa na meno ya utoto. "Léa. Léa yangu. Kuya kwa mama."

Hakukumbuka sheria. Hakukumbuka kitu chochote. Aliruka kitandani kama mtoto, miguu mitupu, akakimbilia uani kwenye jua.

"Miye huyu, mama!" akaita. "Miye huyu!"

Mama Virginie alikuwa ameketi kwenye kigoda kivulini, amempakata Kabange, anamnyanyua na kumshusha, na mtoto anamchekea. Aliinua uso, akamwona binti yake amesimama pale anahema, mikono imenyooshwa. Tabasamu likamfutika usoni.

"Siyo weye," akasema kwa sauti ndogo. "Niko naita mutoto."

Mama Virginie alifungua kinywa kama mtu anayetafuta la kuongeza, na ikaonekana wazi kwamba hajui amwite nani. Mtoto akaanza kulia.

"Mama Mapasa," akasema mwishowe, "leta nepi yake, amelowa."

Akageuka, akaingia ndani kuleta nepi.